Daudi, Mkimbizi Aliyeshukuru kwa Kusifu

 

Katika toleo hili tunaangalia maisha ya mtu ambaye jina lake tunalitaja karibu kila Jumapili, yaani Mfalme Daudi. Wengi wetu tunamjua kwa mambo mawili: jiwe lililomwangusha Goliathi, na kitabu cha Zaburi. Lakini Daudi alikuwa pia mkimbizi. Alilala mapangoni. Alivuka mipaka. Aliwaacha wazazi wake katika nchi ya watu wengine. Aliomba hifadhi kwa mfalme wa taifa lililokuwa adui wa taifa lake. Na alipokuwa mtu mzima sana alikimbia tena, safari hii akimkimbia mtoto wake wa kumzaa. Pamoja na hayo yote, Israeli walimkumbuka kama mwalimu wao wa shukrani.

Hapo ndipo swali letu linapoanza. Wapo kati yetu wanaojiuliza kimya kimya: nitamshukuru Mungu kwa lipi? Nyumba ilichomwa, ndugu hawajulikani walipo, miaka inapita na bado tunasubiri. Siku ya ibada ya shukrani mtu wa namna hiyo hukaa kiti cha nyuma. Anaona aibu kuimba, na anaona aibu kutoimba. Maisha ya Daudi yana neno kwa ajili yake. Lakini ili tulisikie vizuri, tuanze na lugha ambayo Daudi aliomba nayo.

KUSHUKURU NI KUTANGAZA

Daudi aliomba kwa Kiebrania. Wataalamu wa Agano la Kale, kama Mjerumani Claus Westermann (1909–2000), wameeleza kwamba Kiebrania cha kale hakina kitenzi cha kushukuru kilichosimama peke yake, mbali na kusifu. Neno ambalo Biblia zetu hulitafsiri kuwa shukrani ni "toda". Linatokana na kitenzi chenye maana ya kukiri, kutamka wazi, kusifu mbele za watu. Kitenzi hicho hicho hutumika pia mtu anapokiri dhambi zake. Maana ya ndani ni moja: kusema hadharani jambo lililo kweli. Ukisema kweli juu ya Mungu na alichotenda, hiyo ni sifa, na ndiyo shukrani. Ukisema kweli juu ya makosa yako, hilo ni ungamo.

Tofauti yake ni kubwa. Shukrani inaweza kubaki moyoni, mtu akamaliza peke yake na Mungu wake. Toda haiwezi kubaki moyoni, kwa sababu inahitaji masikio ya watu. Tena mtu anayeshukuru anaweza kujisemea habari zake tu, jinsi alivyofurahi na alivyopata. Toda inaanza na yule aliyetenda: nilikuwa shimoni, nikalia, Yeye akanitoa. Sisi katika makanisa yetu tuna neno linalokaribia sana maana hiyo. Tunaliita ushuhuda.

Hata Kiswahili chetu kina alama ya jambo hili. Neno "asante" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kumwambia mtu kwamba amefanya vema. Kwa hiyo mzizi wa asante yetu ni sifa: tunamtaja aliyetenda na wema wa tendo lake.

Toda lilikuwa pia jina la sadaka. Sheria yake iko katika Mambo ya Walawi sura ya 7. Mtu aliyeokolewa katika hatari alileta mnyama, pamoja na mikate ya aina mbalimbali, isiyotiwa chachu na iliyotiwa chachu. Nyama ya sadaka ile ilipaswa kuliwa siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Fikirini, wapendwa: familia moja itamalizaje mnyama mzima na mikate yote kwa siku moja? Lazima waite watu. Basi toda ilikuwa na mambo matatu: tendo la Mungu linatajwa, watu wanasikia, na watu wanakula. Tuyashike hayo matatu, kwa maana tutayakuta katika maisha yote ya Daudi.

MTOTO WA BETHLEHEMU

Daudi alizaliwa Bethlehemu, mji mdogo wa kabila la Yuda, miaka kama 1000 kabla ya Kristo. Jina la kabila lake lenyewe ni shukrani. Katika Mwanzo 29 tunasoma kwamba Lea, mke asiyependwa, alipomzaa mwana wa nne alimwita Yuda, kwa kuwa safari hii aliamua kumsifu Bwana. Jina hilo limefungamanishwa na kitenzi kile kile cha toda. Kutoka Yuda likaja jina Myahudi.

Baba yake aliitwa Yese, na Daudi alikuwa wa mwisho katika wana wanane. Mama wa babu yake alikuwa Ruthu, mwanamke wa Moabu aliyeingia Bethlehemu akiwa mjane na mgeni, akiokota masazo mashambani ili yeye na mama mkwe wake wapate kula. Kwa hiyo katika nyumba ya Yese habari za njaa, kuhama na kupokelewa ugenini hazikuwa hadithi za watu wengine.

Nabii Samweli alipokuja kutafuta mfalme, Daudi hakuitwa hata nyumbani, kwa maana alikuwa anachunga kondoo. Akapakwa mafuta, kisha akarudi kazini. Baadaye aliitwa kwa Mfalme Sauli kupiga kinubi, ili kuutuliza moyo wa mfalme uliokuwa unasumbuliwa. Baada ya kumshinda Goliathi, wanawake wa miji waliimba wakimhesabia Daudi maadui wengi kuliko Sauli. Wimbo ule ulimtia mfalme wivu, na wivu ule ukazaa mkuki.

NJIA YA UKIMBIZI

Daudi alitoroka usiku kupitia dirishani, akishushwa na mkewe Mikali. Alifika Nobu kwa kuhani Ahimeleki bila chakula na bila silaha, akapewa mikate mitakatifu na upanga wa Goliathi. Msaada ule uliwagharimu makuhani. Doegi Mwedomi aliwashitaki kwa Sauli, na makuhani 85 wakauawa kwa siku moja, na mji wao ukapigwa pamoja na wanawake na watoto. Abiathari mwana wa Ahimeleki alipoponyoka na kuleta habari, Daudi alikiri kwamba yeye ndiye aliyesababisha vifo vile, akamwambia akae naye. Wako kati yetu wanaobeba mzigo kama huo, wakijua kwamba mtu fulani aliumia kwa sababu aliwaficha. Daudi aliujua mzigo huo.

Kutoka Nobu alivuka kwenda Gathi, mji wa Wafilisti. Wakamtambua. Kwa hofu akajifanya mwenda wazimu, akikwaruza milango ya mji na kuacha mate yatiririke kwenye ndevu zake, mpaka mfalme Akishi akaamuru aondolewe. Aliyemshinda Goliathi sasa aliponea kwa kudharauliwa.

Akaenda kwenye pango la Adulamu. Huko wakamjia watu kama 400: wenye dhiki, wenye madeni, na wenye uchungu moyoni. Ndugu zake na wazazi wake nao wakaja. Wazazi walikuwa wazee, hawakuweza maisha ya porini, kwa hiyo Daudi aliwapeleka Moabu, nchi ya bibi yao Ruthu, akamwomba mfalme wa huko awapokee mpaka atakapojua Mungu atamfanyia nini. Kwanza alitafuta mahali salama kwa ajili ya wazee. Kuhusu yeye mwenyewe, hakujua kesho yake.

Zaburi 34 ina maneno machache juu yake yanayoihusisha na siku ile ya kujifanya mwenda wazimu. Jumla ya Zaburi 73 katika Kiebrania zina jina la Daudi juu yake. Wataalamu wanajadiliana kama zote alizitunga yeye au nyingine zilitungwa kwa heshima yake. Lakini jambo moja ni wazi: Israeli walizisikia sala hizo kama sala za mtu aliyekuwa anakimbia.

Zaburi hiyo ya 34 imepangwa kwa kufuata herufi za Kiebrania, kama mtu anayewafundisha watoto alfabeti. Ndani yake mwombaji haishii kusema kwamba amepona. Anawaita wanyenyekevu wasikie na kufurahi, anawaomba wamtukuze Bwana pamoja naye, kisha anasimulia: alimtafuta Bwana, akajibiwa, akatolewa katika hofu zake. Hiyo ndiyo toda. Hakuificha hofu. Bila kuitaja hofu, ushuhuda wake ungekuwa hauna kitu.

MAHALI PA KILIO

Tusifikiri kwamba Daudi aliimba sifa kila siku. Zaburi za kilio ni nyingi kuliko za shukrani. Zaburi ya 142, inayohusishwa na pango, ni ya mtu anayetazama kulia kwake asione hata mmoja anayemjali. Zaburi ya 56 inamwomba Mungu ayahifadhi machozi yake. Mungu hakuzikataa sala hizo. Ziliwekwa katika kitabu kile kile cha sifa, na Waebrania wanakiita kitabu chote "Tehilim", maana yake Sifa.

Katika Zaburi nyingi za kilio kuna mpango unaojirudia. Mtu anamwita Mungu, anaeleza shida yake bila kuipunguza, anaomba, anakumbuka Mungu ni nani, halafu anaweka nadhiri: ukiniokoa, nitalitaja jina lako mbele ya kusanyiko. Nadhiri hiyo ni toda iliyoahidiwa. Bado hajaokolewa, kwa hiyo hasemi kwamba ameokolewa. Anachosema ni kwamba siku hiyo ikija, watu watasikia.

Tena iko Zaburi ya 88, ya Hemani Mwezrahi, ambayo haina hata nadhiri hiyo. Inaanza gizani na inaishia gizani. Israeli hawakuiondoa. Basi mpendwa unayekaa kiti cha nyuma, kama leo Zaburi yako ni ya 88, iombe hiyo. Hakuna anayekudai uongo. Toda ni kusema kweli, na mtu anayelia mbele za Mungu kwa kweli tayari yuko njiani.

KUMSHUKURU MWANADAMU

Watu wa Daudi walipofika 600, waliishi nyikani karibu na Karmeli ya Yuda, wakiwalinda wachungaji wa tajiri mmoja aitwaye Nabali. Walipoomba chakula, Nabali aliwatukana akiwafananisha na watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Daudi akajifunga upanga, akakusudia kuwaua wanaume wote wa nyumba ile. Ndipo Abigaili, mke wa Nabali, alipokuja njiani na mikate, divai, kondoo waliotengenezwa na tini, akamsihi asimwage damu.

Angalieni jinsi Daudi alivyomshukuru. Kwanza alimhimidi Bwana aliyemtuma mwanamke yule. Kisha akaibariki busara yake. Kisha akambariki yeye mwenyewe, na akaeleza wazi ni uovu gani aliozuiliwa kuutenda. Hiyo ndiyo njia ya Kiebrania ya kumshukuru mwanadamu: Mungu anasifiwa, na mtu anabarikiwa. Sisi tunaopokea mgao, matibabu na mafundisho kutoka kwa mikono ya watu wengi, tunaweza kujifunza hapo. Mtoaji hawi Mungu wetu, wala hatumpiti kana kwamba hakutoa kitu.

SIKLAGI ILIPOCHOMWA

Hatimaye Daudi alichoka kuwindwa. Akavuka tena mpaka, akaomba hifadhi kwa Akishi wa Gathi, akapewa mji wa Siklagi. Alikaa katika nchi ya Wafilisti mwaka mmoja na miezi minne. Siku moja yeye na watu wake walirudi kutoka safarini wakakuta Siklagi ni majivu, na wake zao na watoto wao wamechukuliwa na Waamaleki. Walilia mpaka wakaishiwa nguvu za kulia. Uchungu ukageuka hasira, wakataka kumpiga Daudi kwa mawe. Yeye akajitia nguvu katika Bwana, Mungu wake, akauliza kama awafuate.

Wakaondoka 600. Kwenye kijito cha Besori 200 walishindwa kuvuka kwa uchovu, wakabaki na mizigo. Wale 400 wakaendelea, wakawapata adui, wakawarudisha wote, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo. Hakupotea hata mmoja.

Waliporudi Besori, baadhi ya wapiganaji walisema kwamba wale 200 wapewe familia zao tu, wasipate sehemu ya nyara. Daudi alikataa. Sababu yake ni ya toda kabisa: vitu hivi Bwana ndiye aliyetupa, na uhai wetu Bwana ndiye aliyeulinda. Kama ni zawadi ya Bwana, nani atamnyima mwenzake aliyechoka? Akaweka sheria kwamba aliyeshuka vitani na aliyekaa na mizigo watagawana sawasawa. Kisha akatuma zawadi kwa wazee wa miji ya Yuda, mahali pote ambapo yeye na watu wake walikuwa wametangatanga. Hakuwasahau waliomficha.

Hapa pana neno zito kwetu. Mungu akimfungulia mmoja njia, akapata kibali cha kwenda nchi nyingine, au kazi, au akampata mtoto aliyepotea, yeye amevuka kijito na wengine wamebaki na mizigo. Ushuhuda wake unaweza kuwachoma waliobaki. Daudi anatuonyesha dawa: mtu atoe ushuhuda wake akikumbuka kwamba hakujiokoa mwenyewe, na kilicho mikononi mwake kiwafikie waliochoka.

MFALME ANAYEGAWA MIKATE

Sauli na mwanawe Yonathani walikufa katika vita vya Gilboa. Watu wa Yabesh-gileadi walihatarisha maisha yao kumzika Sauli, na Daudi aliwatumia wajumbe kuwabariki kwa wema ule, ingawa aliyezikwa ndiye aliyekuwa akimwinda. Daudi alikuwa na umri wa miaka 30 alipoanza kutawala. Alitawala Hebroni miaka 7 na miezi 6, kisha Yerusalemu miaka 33.

Tendo lake kubwa Yerusalemu lilikuwa kulileta sanduku la agano. Mara ya kwanza palitokea kifo, akaogopa, sanduku likakaa miezi mitatu nyumbani kwa Obed-edomu. Mara ya pili lilipanda kwa shangwe na tarumbeta, na mfalme akacheza kwa nguvu zake zote. Mikali alimdharau kwa jinsi alivyojishusha. Lakini mtu aliyewahi kutiririsha mate mlangoni pa Gathi ili apone hakuona aibu kujishusha mbele za Mungu aliyemponya.

Mambo mawili yalifanyika siku ile. La kwanza, Daudi aliwagawia watu wote, wanaume kwa wanawake, kila mmoja mkate, fungu la nyama na mkate wa zabibu. La pili, aliweka Walawi chini ya Asafu wafanye kazi tatu: kukumbusha, kushukuru na kusifu. Mpangilio huo, ulio katika 1 Mambo ya Nyakati 16, una maana. Kwanza matendo ya Mungu yanakumbukwa, kisha yanakiriwa, kisha jina lake linasifiwa. Neno la mwisho ndilo lililo ndani ya "Haleluya", yaani msifuni Bwana. Kwaya zetu zinafanya kazi ile ile. Zikianza kusifu bila kukumbusha, sauti itakuwa nzuri, lakini watu hawatajua Mungu amefanya nini.

DHAMBI NA KUKIRI

Biblia haikumficha Daudi. Akiwa mfalme alimchukua Bathsheba, mke wa Uria Mhiti, mgeni aliyekuwa mwaminifu katika jeshi lake, na akapanga Uria afe vitani. Nabii Nathani alimkabili, na Daudi alikiri. Katika Zaburi ya 32 mtu anasimulia jinsi kunyamaza kulivyochakaza mifupa yake, hata alipoamua kuyakiri makosa yake kwa Bwana. Kitenzi kilichotumika kwa kukiri pale ni kile kile cha toda. Ulimi ulioficha dhambi hauwezi kusifu vizuri. Ukifunguka kwa jambo moja, hufunguka na kwa lingine.

UKIMBIZI WA PILI

Baadaye Absalomu, mwanawe, alijifanya mfalme. Daudi akatoka Yerusalemu akipanda Mlima wa Mizeituni, bila viatu, amefunika kichwa, akilia, na watu wote waliofuatana naye wakilia. Itai Mgathi, mgeni, alikataa kumwacha. Walipofika Mahanaimu ng'ambo ya Yordani, wenyeji watatu, Shobi, Makiri na Barzilai, walileta vitanda, mabakuli, vyombo vya udongo, ngano, shayiri, unga, maharagwe, dengu, asali, siagi, kondoo na jibini, kwa kuwa walijua watu wana njaa, kiu na uchovu wa nyikani.

Vita vilipokwisha na Absalomu kufa, Daudi aliomboleza kwa uchungu mkubwa. Hata kurudi nyumbani kulikuja na msiba. Lakini hakumsahau Barzilai, mzee wa miaka 80. Alimwomba waende wote Yerusalemu, mzee akaomba abaki karibu na makaburi ya wazazi wake, akamtoa Kimhamu aende badala yake. Na karibu na kufa kwake Daudi alimwagiza Sulemani awatendee wema wana wa Barzilai, wale mezani pake. Tunaona tena: tendo linatajwa, na watu wanakula.

SALA YA MWISHO

Sala yake ya mwisho mbele ya kusanyiko iko katika 1 Mambo ya Nyakati 29. Watu walikuwa wametoa dhahabu, fedha, shaba na chuma kwa ajili ya Hekalu ambalo Daudi mwenyewe hakuruhusiwa kulijenga. Alimhimidi Mungu mbele ya wote, akakiri kwamba vyote vimetoka mkononi mwa Mungu, na walichotoa ni chake mwenyewe. Halafu mfalme aliyekaa katika nyumba ya mierezi, aliyetawala miaka 40, alikiri kwamba yeye na watu wake ni wageni na wapitaji mbele za Mungu kama baba zao wote, na siku zao duniani ni kama kivuli.

Daudi alikufa akiwa mzee, akazikwa katika mji wake. Mwaka 1993, huko Tel Dan kaskazini mwa Israeli, wachimbaji wa mambo ya kale walipata kipande cha jiwe chenye maandishi ya Kiaramu ya karne ya 9 kabla ya Kristo, yaliyowekwa na adui wa Israeli, na wataalamu wengi wanasoma humo maneno yanayotaja nyumba ya Daudi. Lakini kumbukumbu yake kubwa haiko katika jiwe. Watu wa Yuda waliporudi kutoka uhamishoni Babeli, Nehemia alipoweka wakfu ukuta wa Yerusalemu alipandisha makundi mawili ya waimbaji juu yake, na Kiebrania kinayaita makundi yale kwa neno lile lile, toda. Wayahudi hata leo, katika sala yao ya kusimama, huinama wanapofika mahali pa kumkiri Mungu kwa shukrani, kwa neno la mzizi ule ule. Na Bwana wetu Yesu, mwana wa Daudi, usiku ule aliotolewa, alitwaa mkate akashukuru, akawapa watu wakala.

Basi wapendwa, tukikutana kwa ibada ya shukrani, tusimlazimishe mtu kutabasamu. Aliye na kilio alete kilio. Aliye na ushuhuda asimame, ataje shimo alilokuwamo na Mungu aliyemtoa. Na sufuria iwe kubwa ya kutosha waliobaki na mizigo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni tendo gani la Mungu katika safari yetu ambalo watoto wetu hawajawahi kusimuliwa?
2. Ni nani "Barzilai" wetu, aliyetupokea tulipokuwa na njaa? Tumembariki namna gani?
3. Katika mtaa wetu ni nani aliyebaki Besori, na tutamgawia nini?

Mungu wa Daudi awabariki, awalinde watoto wenu na wazee wenu, na kuwapa neno la kusema mbele za watu wake. Amina.